Mchele wa hitma ulikuwa wa nani?

Juzi msibani Makorora, hapa mjini Tanga, wanaume nusura washikane mashati. Sisi wanawake tulikuwa uani, wengine wanamenya vitunguu saumu, wengine wanachambua mchele, na sauti zao zikatufikia hadi mekoni. Vijana wanasema hitma, kile kisomo cha Qur'ani cha kumwombea maiti pamoja na chakula chake, ni bid'aa, yaani uzushi katika dini, Mtume (s.a.w.) hakuifanya, na anayekaa kwenye sinia ile anakula uzushi. Wazee wanajibu kwamba wao wamesoma kwa masheikh wa Tanga hii kabla baba wa vijana hao hawajaoa, na hawafundishwi dini na mtu aliyejifunzia kwenye simu. Huyu katoa aya, yule katoa hadithi, wa tatu katoa tusi la mama wa mtu, mpaka imamu akaja kuwatenganisha. Katika watu wote wale, wanaosoma hitma na wasiosoma, hakuna hata mmoja aliyeuliza mchele ule ulikuwa wa nani.

Mimi nilijua, maana usiku wa kuamkia siku ile nililala chumbani na mfiwa. Marehemu alikuwa na duka la rejareja mbele ya nyumba. Ameacha mjane na watoto wanne, mkubwa yuko darasa la sita. Baada ya isha kaka yake marehemu akapiga hodi, akasimama kizingitini, akasema, "Shemeji, naomba ufunguo wa duka. Kesho watu watakula." Yule mama hata hakuinua uso. Akafungua pindo la kanga, akautoa, akampa mwanawe ampelekee ami yake. Asubuhi magunia ya mchele yaliyokuwa ya kuuza yamefunguliwa, madumu ya mafuta yamepangwa uani, sukari imetoka, na pesa za kwenye droo zimekwenda kununua mbuzi. Watu walikula wakashiba, wakanyanyua mikono wakamwombea marehemu pepo. Watoto wake wakala mapande ya nyama za mbuzi wao wenyewe kama wageni waalikwa.

Ndugu zangu, mali ile haikuwa ya marehemu tena. Roho ilipotoka tu, ilitoka mikononi mwake. Hutolewa kwanza gharama ya sanda na mazishi, kisha madeni, kisha wosia kama upo, nao usizidi thuluthi, na kinachobaki ni cha warithi. Mpangilio huu kila aliyepita chuo cha Qur'ani ameusikia. Na warithi wa duka lile ni mjane na watoto ambao hata kubalehe bado. Mtoto asiyebalehe hana uwezo wa kutoa sadaka katika mali yake, na ami yake hana ruhusa ya kumtolea. Hata wanazuoni wa Kishafii, ambao ndio tunaowafuata pwani hii, wamelisema wazi: ukitoa chakula cha msiba katika mali yenye haki ya mtoto mdogo, umefanya haramu. Hapo hakuna ugomvi wa bid'aa na sunna. Wale vijana na wale wazee wangekaa kitako dakika moja, wangeukuta msimamo wao ni mmoja.

Tena mafunzo yako wazi tangu zamani. Ilipofika Madina habari ya kuuawa Jaafar bin Abi Talib kwenye vita vya Muta, mwaka wa 8 Hijria, Mtume alisema watu waipikie familia ya Jaafar, kwa kuwa limewafika la kuwashughulisha. Majirani ndio wapike, wafiwa wale. Sisi tumeligeuza. Mfiwa ndiye anayelisha mtaa, na akishindwa anasemwa.

Sitaki kubishana kuhusu hitma yenyewe. Anayesoma Qur'ani akamwombea maiti wake nina nini naye? Nimesomewa wazee wangu na nitaendelea. Wala sikatai kwamba kaka yule alikuwa na nia ya kumstahi nduguye mbele za watu, maana nilimwona akilia makaburini na hakuwa akijilazimisha. Lakini nia haihalalishi gunia la yatima.

Na hapa ndipo ninapochoka na khutba zetu. Zikitajwa dhambi kubwa hapa mjini, ni pombe, zina, muziki, kubeti na suruali za wasichana. Sizitetei, na kamari na zina Qur'ani imezikataza wazi. Ila ile hadithi ya Abu Huraira, waliyoipokea Bukhari na Muslim wote wawili, inasemaje? Jiepusheni na saba zenye kuangamiza: kumshirikisha Mwenyezi Mungu, uchawi, kuua nafsi aliyoiharimisha Mwenyezi Mungu isipokuwa kwa haki, kula riba, kula mali ya yatima, kukimbia siku ya vita, na kuwasingizia zina wanawake waumini waliohifadhika. Mali ya yatima imetajwa pamoja na shirki na kuua. Je, mmewahi kusikia mtu akitengwa na mtaa kwa sababu amekula mali ya yatima? Mlevi tunampita bila salamu. Huyu wa mayatima tunampa safu ya mbele, na maulidi yakifika tunampelekea kadi ya mchango, kwa kuwa anatoa vizuri.

Surat An-Nisaa, aya ya 10, haikuzunguka: wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma wanakula moto matumboni mwao, na wataingia Motoni. Na aya inayoitangulia inamgusa kila mzazi: wachelee, kama wangeacha nyuma yao watoto wanyonge wangewahofia. Kila ninapoisoma hiyo ya 9 nawafikiria wanangu, na namfikiria ami yao, na Mwenyezi Mungu anisamehe kwa ninayoyafikiri.

Kuna kisa ambacho natamani kisomwe kwenye kila msiba wa mkoa huu, kutoka Horohoro mpaka Pangani. Saad bin Rabii aliuawa Uhud, mwaka wa 3 Hijria. Mkewe akamjia Mtume na mabinti wawili, akamwambia: hawa ni mabinti wa Saad, baba yao ameuawa pamoja nawe siku ya Uhud, na ami yao amechukua mali yao yote, na hawataolewa bila ya kuwa na mali. Mtume akamwambia Mwenyezi Mungu atahukumu katika jambo hilo. Ikashuka aya ya mirathi. Mtume akamwita yule ami, akamwamrisha: wape mabinti wawili wa Saad thuluthi mbili, mpe mama yao thumuni, yaani moja ya nane, kinachobaki ndicho chako.

Mtazameni mama yule. Amefiwa na mume, tena shahidi, hakuambiwa "subiri kwanza, msiba bado mbichi." Hakuambiwa anavunja ukoo. Hakuitwa mjane mwenye tamaa. Alishitaki hadharani, akimtaja shemeji yake, mbele ya Mtume, na jibu lake likaja kutoka mbinguni na linasomwa katika swala mpaka leo. Na yule ami hakunyimwa fungu lake. Aliambiwa tu achukue la kwake.

Sasa mlinganishe na mjane wa Tanga. Amekaa eda miezi minne na siku kumi, ndani, hatoki ila kwa dharura. Ni amri ya dini na ni heshima kwa mumewe. Sisi tumeifanya ndiyo nafasi. Wakati yeye yuko ndani, kikao cha ukoo kinakaa. Muhtasari unaletwa chumbani umeshaandikwa, anaonyeshwa mahali pa kuweka sahihi. Hasomewi, na akiomba kusomewa anaambiwa, "Mama watoto, huniamini mimi?" Shemeji anakuwa msimamizi wa mirathi. Mwezi unaofuata wapangaji wanaambiwa kodi wampelekee yeye. Eda inapokwisha, shamba la minazi limeuzwa, pikipiki ina jina jingine, na mama anatafutiwa chumba cha kupanga "mpaka mambo yakae sawa". Nimewaona wajane wa namna hii Ngamiani, nimewaona Mwambani, na kwetu vijijini ndiyo usiseme.

Hilo la "huniamini" linanipandisha hasira kuliko yote. Aya ya 6 ya sura hiyohiyo inasema mkiwakabidhi mayatima mali zao, wekeni mashahidi. Mwenyezi Mungu mwenyewe ndiye ametaka mashahidi. Aya hiyohiyo imempa mlezi fakiri ruhusa ya kula kwa kadiri ya wema, na mlezi tajiri imemtaka ajizuie. Kwa hiyo ami masikini anayewalea watoto wa nduguye akatumia kidogo kwa haki, simsemi. Wako wengi wa hivyo, wamewasomesha watoto wa marehemu mpaka vyuo, na Mtume aliwaahidi kuwa naye Peponi kama vidole viwili vilivyo karibu. Ninayemsema ni yule anayeona kuulizwa hesabu ni kutukanwa.

Wapo watakaosema tatizo ni kukosa mahakama za kadhi, zilizoondolewa Tanzania Bara mwaka 1963. Ningefurahi zikiwepo. Lakini mtu hahitaji kadhi ili ajue kwamba duka la nduguye si lake.

Na sisi Wadigo tusijifiche. Zamani kwetu mpwa humrithi mjomba, na Uislamu ukaja na mafungu yake. Leo ukoo unataka sheria ya dini pale inapompa mwanamume mara mbili ya mwanamke, na ukifika kwenye thumuni ya mjane unakumbuka mila za wazee. Ama tushike kitabu chote ama tuseme wazi hatukitaki.

Wala hatuwezi kusema hatukufundishwa. Mji huu ulikuwa na Sheikh Ali bin Hemed al-Buhry, kadhi wetu, aliyeandika kitabu kizima cha mirathi kwa Kiswahili kikachapishwa mwaka 1923. Ni miaka zaidi ya mia sasa tangu mafungu haya yawekwe mbele yetu kwa lugha tunayoiota usiku.

Linalonitisha zaidi ni jinsi tunavyodhani imani itatufichia. Sisi Ahlu Sunna hatumkufurishi mtu kwa dhambi kubwa, na hilo ni sahihi, rehema ya Mola ni pana. Lakini kutokuwa kafiri hakukulipii deni la mtu. Imam Nawawi, mwanazuoni wa Kishafii, ametaja masharti ya toba: kuiacha dhambi, kuijutia, kuazimia kutoirudia, na ikiwa inahusu haki ya mja, kumrudishia mwenyewe haki yake. Hilo la nne ndilo linalorukwa. Mtu anauza nyumba ya mayatima, anakwenda umra kwa pesa hizohizo, anarudi na zamzam na tende za kugawa mtaani. Hata shahidi anasamehewa yote isipokuwa deni. Wewe na umra yako?

Mtume aliwauliza Maswahaba wanamjua muflisi ni nani. Wakasema asiye na dirhamu wala mali. Akawaambia muflisi katika umma wake ni atakayekuja Kiyama na swala, funga na zaka, ilhali amemtukana huyu, amemsingizia huyu, amekula mali ya huyu, amemwaga damu ya huyu, amempiga huyu. Watagawiwa mema yake. Yakiisha kabla hajamaliza kulipa, atatwishwa madhambi yao, kisha atupwe Motoni. Alikuja na swala. Swala zenyewe ndizo zitakazochukuliwa, ile fajri aliyoamkia kwenye baridi apewe mtoto wa nduguye.

Kwa mjane anayesoma hapa: kumteua mtu kuwa msimamizi hakumfanyi mrithi. Kwa kanuni za mirathi za mwaka 1971, msimamizi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo ana miezi 4 ya kupeleka orodha ya mali na madeni kwenye Fomu Namba 5, isipokuwa mahakama imemwongezea muda, na hesabu kwenye Fomu Namba 6. Una haki ya kwenda kuuliza kwenye jalada kama amepeleka. Usiweke sahihi usichosomewa. Na kuidai thumuni yako hakupunguzi eda wala hakumvunjii heshima marehemu.

Na maimamu wetu nawaomba jambo dogo. Kwenye jeneza, kabla ya swala, msemaji wa familia husimama akatangaza mwenye kumdai marehemu amwone fulani. Iongezwe sentensi moja hapohapo, mbele ya safu zote: marehemu ameacha mjane na watoto, mali yake haitaguswa mpaka ihesabiwe mbele ya mashahidi, na chakula cha msiba kitatoka kwa majirani na jamaa. Kina mama tuko tayari, vyungu tunavyo na mchele tutachanga. Ombi hili nimelifikisha kwa imamu wa mtaa wetu kupitia kwa mkewe. Amejibu kwamba atalipeleka kwa wazee wa msikiti, na mimi nitamwuliza tena wamesemaje.