Seli za kinga katika figo za mgonjwa wa kisukari: chanzo cha madhara au matokeo yake?

Kwa miaka mingi, kuharibika kwa figo za wenye kisukari cha aina ya pili kumeelezwa kwa mambo mawili: sukari iliyozidi kwenye damu na shinikizo linaloumiza vichujio vya figo. Sasa limeongezwa la tatu, nalo ni seli za mfumo wa kinga. Vipande vya nyama ya figo vilivyochukuliwa kwa wagonjwa huonyesha makrofaji, yaani seli nyeupe zenye kazi ya kumeza vimelea na mabaki ya seli zilizokufa, zikiwa zimejazana mahali pasipo na kimelea chochote, na mara nyingi zinapokuwa nyingi makovu nayo huwa mengi.

Wanaoamini kwamba seli hizo ndizo zinazoharibu hawasemi ovyo. Panya wenye kisukari wanaozaliwa bila MCP-1, protini inayoziita seli hizo zitoke kwenye damu na kuingia kwenye figo, huumia figo kidogo kuliko wenzao. Kwa binadamu, jaribio la baricitinib, dawa inayozima ishara za inflamesheni (uvimbe unaoletwa na kinga ya mwili inapochochewa), lililochapishwa mwaka 2018 likiwa na wagonjwa 129, lilionyesha albumini, protini ya damu inayovuja figo zikiumia, ikipungua kwenye mkojo kwa takriban asilimia 40 kwa waliopewa dozi ya juu.

Hata hivyo, albumini kupungua si sawa na figo kupona, na yaliyoipata bardoxolone yanatosha kumtia mtu tahadhari. Dawa hiyo, iliyotegemewa kutuliza inflamesheni, ilipandisha kipimo cha uchujaji wa figo na kuleta matumaini makubwa. Kisha jaribio la BEACON, lenye wagonjwa 2,185, likasitishwa Oktoba 2012 kwa kuwa waliokuwa wakiitumia walipata matatizo ya moyo kushindwa kufanya kazi kwa wingi zaidi. Kuna pia suala la maambukizi: kisukari chenyewe huongeza hatari ya kifua kikuu mara mbili hadi tatu, kwa hiyo kumpunguzia kinga mgonjwa wa namna hiyo katika nchi yenye kifua kikuu kingi si jambo la kufanyia majaribio kirahisi.

Hoja inayonigusa zaidi ni ya kipimo. Uwiano wa nyutrofili kwa limfosaiti, aina mbili za seli nyeupe za damu, hupatikana kwenye picha kamili ya damu, kipimo cha bei nafuu, na tafiti nyingi, zikiwemo za China na Uturuki, zimeukuta ukiwa juu kwa wagonjwa wanaovuja albumini. Lakini figo inayochoka nayo huchochea inflamesheni, hivyo kilichotangulia hakijulikani kwa kutazama namba hizo. Na jino lililooza au kidonda cha mguu huzibadilisha vilevile. Zaidi ya hayo, Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara hawana antijeni ya Duffy, aina ya protini, kwenye chembe nyekundu, hali inayoambatana na nyutrofili chache bila ugonjwa wowote. Kiwango cha hatari kilichopangwa Ankara kinaweza kumwambia mgonjwa wa Mwanza kwamba yu salama ilhali sivyo.

Kwa maoni yangu, seli za kinga zinashiriki kweli katika uharibifu, ila kuzihesabu kwenye damu bado hakumsaidii daktari kuamua. Penye fedha ya kipimo kimoja cha ziada, ipelekwe kwenye albumini ya mkojo, kila mwaka, pamoja na kriatinini, taka ya damu inayoonyesha figo zinavyochuja. Canagliflozin, dawa ya kisukari ambayo katika jaribio la CREDENCE la mwaka 2019 ilipunguza hatari ya madhara makubwa ya figo kwa asilimia 34, haikuhitaji mtu yeyote ahesabiwe nyutrofili.