PCOS: kosa ni wingi wa mafuta, au kazi yake?

Mwanamke akigundulika ana PCOS, tatizo la homoni linalovuruga hedhi na upevushaji wa mayai, kliniki nyingi humwambia kwanza: punguza uzito. Si uongo. Kwa mnene, kupungua hata asilimia 5 hadi 10 ya uzito kunaweza kurudisha hedhi kwenye mstari. Na tafiti za vinasaba zinaonyesha kwamba jeni za unene zenyewe huongeza uwezekano wa kuipata PCOS. Lakini yupo dada mwembamba anayeona hedhi mara nne kwa mwaka, chunusi hazimwishi na ndevu zinamwota kidevuni. Yeye apunguze nini?

Hapo ndipo homoni zinazotengenezwa na mafuta zinaponivutia. Leptini, mojawapo ya homoni hizo, ilipogunduliwa mwaka 1994 katika maabara ya Jeffrey Friedman, New York, ilidhihirika kuwa mafuta si ghala tu, nayo hutuma habari mwilini. Kwenye PCOS, hata hivyo, naona leptini imesifiwa kupita kiasi. Huwa juu, ndiyo, ila ukiwalinganisha wagonjwa na wanawake wa uzito uleule, sehemu kubwa ya tofauti hiyo hupotea.

Adiponektini, homoni nyingine ya mafuta, ina hoja nzito zaidi. Hii huisaidia misuli na ini kuitikia insulini, homoni ya kushusha sukari, na cha ajabu, mafuta yakizidi adiponektini hupungua. Wenye PCOS huwa nayo kidogo hata wakilingana uzito na wenzao wasio na PCOS. Mwili usipoitikia insulini, kongosho huimwaga kwa wingi. Insulini hiyo huzichochea ovari kutoa androjeni, yaani homoni za kiume kama testosteroni, na wakati huohuo ini hupunguza ile protini inayoishikilia testosteroni kwenye damu. Tatizo ni kwamba mnyororo huu husomeka pia kutokea mwisho: androjeni nazo huishusha adiponektini. Nani kaanza?

Mambo mawili yananifanya nisiufunge mjadala kwenye mizani ya uzito. Pioglitazoni, dawa ya kisukari, hupandisha adiponektini, na baadhi ya wanawake wenye PCOS walioitumia walirudi kupevusha mayai huku wakiongezeka uzito. Kwa upande mwingine kuna lipodistrofia, ugonjwa adimu wa kukosa mafuta chini ya ngozi: wanawake wenye nao hupata usugu mkali wa insulini, yaani mwili kutoiitikia, pamoja na dalili za PCOS. Mmoja ananenepa na ovari zinaamka, mwingine hana mafuta na ovari zinakwama.

Wapinzani watasema pioglitazoni hugusa mengi mwilini, huwezi kuipa adiponektini sifa zote. Nakubali, wala hiyo si dawa ya kujinunulia. Ndiyo maana kipimo cha adiponektini hakimo katika vigezo vya kuitambua PCOS, na anayekuuzia anakula pesa yako bure.

Kipimo cha sukari ni jambo jingine. Mwongozo wa kimataifa wa 2023 unataka kila mwenye PCOS apimwe, mnene kwa mwembamba. Yule dada asiruhusiwe kutoka kliniki bila hicho.