Kabla ya kutega rakuni, soma kijito kwanza

Ikifika Oktoba, swali ninaloulizwa na vijana wenzangu wa huku Iowa ni lilelile: "Kaka, mwaka huu tunaanza lini?" Wengi wao wametoka Kigoma, Bujumbura na Uvira, wakafika Marekani, wakapata kazi viwandani. Wachache wameshika kazi hii ya kutega rakuni, mnyama mdogo wa manyoya wa huku mwenye uso kama barakoa na mkia wa pete, kwenye mashamba ya wenyeji waliochoka kuliwa mahindi. Mimi huwajibu kwamba sijui bado. Hawalipendi jibu hilo, na nawaelewa, kwa sababu wanahitaji tarehe ya kwenda kuombea ruhusa kazini.

Tarehe ipo. Kwa miaka mingi msimu wa kawaida wa wanyama wa manyoya hapa Iowa umekuwa ukifunguliwa Jumamosi ya kwanza ya Novemba na kufungwa Januari 31. Lakini hiyo ni tarehe ya ruhusa tu, haikwambii kama kuna kitu cha maana cha kutega. Mtu anayepanga msimu kwa siku ya ufunguzi peke yake anapoteza ngozi na mafuta ya gari, na baya zaidi, anaweza kumtesa mnyama bila sababu. Kinachopanga msimu ni vuli yenyewe. (Kwetu vuli ni mvua za Oktoba hadi Desemba, huku miezi hiyohiyo majani ndiyo yanapukutika. Nitaiita vuli, nanyi mtanielewa.)

Kuna jambo moja wengi wanalikosea. Vuli ikiwa na joto, utasikia watu wakisema manyoya yatachelewa mwaka huu. Si hivyo. Manyoya ya rakuni hufuata zaidi urefu wa mchana kuliko ubaridi. Kwa sisi tuliokulia Kigoma, ambako mchana ni kama saa 12 mwaka mzima, jambo hili haliingii kichwani haraka. Hapa mwanzoni mwa Novemba mchana umebaki takriban saa 10 na nusu, na kufikia Desemba 21 ni kama saa 9. Mwili wa mnyama huhisi mwanga ukipungua na kuotesha koti la baridi. Wiki moja ya joto haibadilishi hilo.

Ushahidi uko upande wa ndani wa ngozi. Mchune rakuni wa siku za mwanzo za Novemba, igeuze ngozi, mara nyingi utakuta buluu iliyokoza, hasa mgongoni. Hiyo ni rangi ya nywele ambazo bado zinakua, mizizi yake imejaa ndani ya ngozi. Nywele zikikomaa rangi hupanda nazo, na ngozi hubaki na weupe wa maziwa. Mara ya kwanza mzee aliyenifundisha kazi hii aliponiwekea ngozi mbili juu ya meza, ya buluu na nyeupe, hakusema kitu. Alinipa tu nipulize manyoya. Ya kwanza yalifunguka hadi nikaona ngozi. Ya pili nilipuliza mpaka nikachoka, sikuona ila sufu nzito ya kijivu. Tangu siku hiyo sijaona sababu ya kumuua mnyama kwa ajili ya ngozi ambayo ingehitaji wiki tatu tu kuwa kamili. Kama amekuwa mharibifu ghalani, hilo ni jambo jingine. Lakini kwa manyoya, subiri.

Hali ya hewa, basi, inaingia wapi? Inaingia kwenye miguu ya mnyama na kwenye udongo unaoshika mtego wako.

Rakuni wa vuli hana shughuli kubwa kuliko kula. Anajaza mafuta kwa ajili ya baridi, na katika majimbo ya kaskazini anaweza kutoka kwenye majira hayo akiwa amepoteza hadi karibu nusu ya uzito wake. Mahindi yakiwa bado yamesimama hana haja ya kutoka shambani. Anakula humo, analala humo, maji anayapata kwenye mtaro wa pembeni. Utaweka mitego 20 kando ya kijito, na asubuhi utakuta chambo kama ulivyokiacha. Vuli ikiwa kavu, kombaini, mashine ya kuvunia, huingia mapema, mwisho wa Oktoba shamba limebaki mabua, na rakuni wanarudi kwenye njia zao za zamani: ukingoni mwa maji, chini ya madaraja, kwenye mistari ya miti. Vuli ikiwa ya mvua, mashine haziingii kwenye matope na kila kitu kinasogea mbele. Wengi hapa hawajausahau mwaka 2020. Agosti 10 ilipita dhoruba ya upepo uliokadiriwa kufikia kilomita 225 kwa saa karibu na Cedar Rapids. Mahindi yalilala chini mashamba kwa mashamba, mengine hayakuvunwa kabisa. Mnyama aliyekuwa na chakula cha namna hiyo mlangoni angefuata nini kwenye mtego wako?

Ndiyo maana nasema uliza kwanza mahindi yako wapi, ndipo uulize tarehe.

Kuhusu mvua, hapa nitasema jambo ambalo bado linaniuma. Katika msimu wangu wa pili nilitega mtego wa mguu kwenye ukingo wa kijito. Nilikuwa nimechimba shimo dogo ubavuni mwa ukingo, nikatia samaki ndani, na mtego ukakaa mbele ya shimo kwenye maji ya kina cha vidole vitatu. Nikapigilia kigingi palepale chini. Jioni anga lilikuwa safi juu yangu. Utabiri ulisema mvua itanyesha upande wa kaskazini, nikaona hainihusu. Sikujiuliza kijito kile kinatoka wapi. Asubuhi nilipofika maji yalikuwa yamepanda hadi kiunoni na yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nilikamata mnyororo nikauvuta. Rakuni alikuwemo. Alikuwa amenaswa kabla maji hayajapanda, kisha maji yakapanda naye akiwa amefungwa. Ukingo wote wa juu ulikuwa na alama za kucha, alikuwa amejaribu kupanda hadi mwisho wa mnyororo.

Toka hapo sitegi kando ya maji bila kuangalia ramani ya mvua ya eneo zima la juu la kijito. Sheria ya Iowa inataka mtego ukaguliwe angalau mara moja kila saa 24, isipokuwa uliozama kabisa majini. Naiheshimu sheria hiyo, lakini naiona kama sakafu, si dari. Kama utabiri unasema kesho barabara itakuwa na barafu au kijito kitafurika, mitego inafungwa leo. Wengi husoma utabiri wajue lini watege. Mimi nawasihi muusome mjue lini mtegue.

Kwa sababu hiyo sasa natumia zaidi mitego ya kopo, ile inayosimama kama bomba fupi, chambo kikiwa ndani na kifyatuo chini yake. Rakuni ana vidole kama vya mtoto, anaingiza mkono na kuvuta. Mbwa hawezi kufanya hivyo. Wahenga walisema mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo, na mwenye shamba anayekuruhusu kutega kwake huwa na mbwa anayempenda. Mtego huu pia unaweza kuusimamisha mahali pakavu, mbali na maji yanayopanda.

Mtego huu una tatizo moja, nalo ni la vuli hasa. Mvua ya jioni ikiingia ndani ya kopo na usiku ukashuka chini ya sifuri, kifyatuo kinaganda kama kimechomelewa. Novemba huku huganda usiku na kuyeyuka mchana kwa wiki nzima. Utakuta nyayo zimezunguka mtego, chambo kimekwaruzwa, na hakuna kilichofyatuka. Dawa yangu ni kutafuta mahali ambapo mvua haifiki: chini ya daraja, ndani ya mdomo wa karavati lisilo na maji, chini ya shina lililoanguka. Udongo wa hapo hubaki vumbi hata Desemba.

Baridi kali ikishuka na theluji ikatanda, rakuni hujifungia kwenye pango la mti hata siku kadhaa. Halali usingizi wa msimu mzima kama wanyama wengine, anapumzika tu na kuishi kwa mafuta yake. Hapo kutega ni kupoteza muda. Usiku ninaoungoja ni ule wa kwanza wenye joto baada ya siku tatu nne za baridi, upepo ukitoka kusini na theluji ikidondoka kutoka kwenye matawi. Usiku huo wanatoka wote kwa njaa.

Joto nalo lina hasara yake. Siku ya digrii 18, rakuni aliyekufa alfajiri akiachwa nyuma ya gari hadi jioni, manyoya ya tumboni yanaanza kung'oka ukiyavuta. Lazima umchune mapema, ukwangue mafuta, uiwambe ngozi. Kama una zamu yenye urefu wa saa kumi kiwandani na joto liko hivyo, usitege. Bei za ngozi si zile za mwaka 2013, wakati wanunuzi wa Urusi na China walipokuwa wakizigombania. Lakini bei ndogo haikupi haki ya kuozesha kitu ulichokiua.

Leo nimepita kwenye shamba ninalotega. Upande wa magharibi umevunwa, wa mashariki bado, mahindi yanakwaruzana kwenye upepo. Kijito kiko chini, mawe yanaonekana. Kwenye mchanga chini ya daraja nimekuta nyayo za jike na watoto watatu wakubwa, zote zinaelekea kwenye mahindi, hakuna hata moja inayorudi upande wa miti. Mitego yangu iko nyuma ya nyumba kwenye pipa la maji ya maganda ya jozi nyeusi, inachukua rangi na kupoteza harufu ya chuma. Nimewatumia vijana ujumbe: upande wa mashariki ukivunwa nitawapigia.