Wakili akimwacha mteja ili amchukue mpinzani wake

Chukua mfano huu. Mama wa Tukuyu anaingia ofisi ya wakili Mbeya mjini na bahasha ya kaki. Ndani mna karatasi ya mauziano ya shamba la parachichi, yenye mhuri wa mtendaji wa kijiji na sahihi za mashahidi watatu. Anamweleza wakili yote, hata ambalo hajawahi kumwambia mwanawe: shahidi mmoja hakuwepo siku ile, alisaini baadaye. Kesi ikiwa bado barazani, kampuni inayolidai shamba hilo inamfuata wakili yuleyule na ada mara kumi. Je, anaweza kujitoa kwa mama na kuhamia upande wa pili?

Wanaosema anaweza wana hoja. Wakili hafungwi na mteja mmoja maisha yote, na huku kwetu hoja hiyo ni nzito. Ukienda Ileje au Makete, mawakili ni wa kuhesabu. Ukimzuia kila aliyewahi kusikiliza upande mmoja, mjanja atapita ofisi zote akiomba ushauri wa nusu saa, mwenzake akose wa kumtetea.

Lakini jalada likiwa bado wazi, sikubaliani nao hata kidogo. Mwaka 1987, katika shauri la Picker dhidi ya Varian huko Ohio, Marekani, ofisi moja ya mawakili ilitaka kumwacha mteja ili iungane na ofisi iliyokuwa ikimwakilisha aliyemshitaki. Mahakama ilikataa: mteja hatupwi kama kiazi cha moto, hasa kumridhisha anayelipa zaidi. Kujitoa kungetosha kuondoa mgongano wa maslahi, uaminifu wa wakili ungedumu mpaka tajiri abishe hodi.

Jalada likishafungwa, ugumu unabaki kwenye siri. Mwaka 1998, katika shauri la Prince Jefri Bolkiah dhidi ya KPMG, kampuni ya wahasibu iliyowahi kumhudumia, majaji wa juu Uingereza waliona kuwa utaratibu wa ndani wa kutenganisha wafanyakazi haukutosha kulinda siri za mteja wa zamani. Hiyo ni kampuni kubwa. Ofisi nyingi za hapa zina chumba kimoja, karani mmoja, kabati moja, utatenganisha nini? Kamati ya Mawakili inaweza kumwadhibu wakili, ila haiwezi kumsahaulisha habari za yule shahidi.

Kwa hiyo wakili aulize mapema, bahasha haijafunguliwa: shamba liko wapi, na unagombana na nani?