Alama 71 mbele ya hakimu

Freddie Lee Hall, aliyehukumiwa kifo kwa mauaji ya mwaka 1978, alipimwa akili akapata alama 71. Jimbo la Florida, Marekani, lilikuwa limechora mstari kwenye 70: ukiuzidi, huhesabiwi kuwa na ulemavu wa akili, na adhabu ya kifo inakuhusu. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliukataa mstari huo kwa kura 5 dhidi ya 4, kwa kuwa kila kipimo kina kiasi chake cha makosa. Majaji wanne waliopinga walikuwa na hoja nzito: kwa uamuzi huo, kazi ya sheria inakabidhiwa vyama vya wataalamu wa akili, ambavyo misimamo yao hubadilika.

Mimi naviunga mkono vipimo vya akili vya namna hii mahakamani, hasa katika madai ya fidia. Mtu akigongwa barabarani, picha ya kichwa inaweza kutoka safi kabisa, ilhali nyumbani anasahau alichotumwa, anaunguza chakula, anafoka kwa jambo dogo. Wakili wa bima atasema huyu mzima. Mtaalamu wa nyurosaikolojia, yaani anayepima jinsi ubongo unavyoathiri fikra na tabia, hukaa naye kwa saa kadhaa: arudie tarakimu, asimulie upya hadithi aliyosomewa, anakili mchoro. Hapo mke aliyekuwa akilalamika peke yake anapata ushahidi.

Je, mdai akijifanya mgonjwa? Lipo jaribio la kumwonyesha picha, kisha kumtaka achague ipi kati ya mbili aliiona. Hata anayebahatisha hupata karibu nusu. Anayeshuka mbali chini ya nusu ana kila dalili ya kulijua jibu na kulikwepa. Lakini jaribio hilo humnasa mdanganyifu mzembe. Mjanja hukosea kwa kiasi.

Linalonisumbua zaidi ni rula yenyewe, yaani lugha ya kipimo na watu ambao mpimwa analinganishwa nao. Hesabu moja hadi tisa kwa Kiswahili: kila tarakimu ina silabi mbili. Kwa Kiingereza, ni saba tu yenye mbili. Utafiti uliochapishwa mwaka 1980 kuhusu watu wa Wales wanaojua lugha mbili ulionyesha kwamba walikumbuka tarakimu chache zaidi kwa Kiwelisi, ambacho tarakimu zake huchukua muda mrefu kutamka. Sasa mchukue fundi wa Tandahimba aliyeacha shule darasa la nne, mpe penseli anakili mchoro, kisha mlinganishe na Wamarekani waliosoma hadi sekondari. Ataonekana ameumia ubongo hata kama hajawahi kujikwaa.

Kwenye jinai kuna kikwazo kingine. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inauliza kama mshtakiwa, *wakati wa tendo*, hakuweza kuelewa alitendalo au kujua kuwa hapaswi kulitenda. Aliyepelekwa Isanga, taasisi ya wagonjwa wa akili iliyoko Dodoma, kuchunguzwa anapimwa miezi baada ya tukio, na alama za leo haziwezi kuusimulia usiku ule. Swali likiwa ni kama anaweza kufuatilia kesi yake sasa, alama hizo hizo zina uzito mkubwa, kwa sababu swali lenyewe linahusu leo.

Maoni ya mtaalamu hayamfungi hakimu, na hilo ni jema. Hata hivyo hakimu asiyeambiwa mtu alipimwa kwa lugha gani, na alilinganishwa na akina nani, hana namna ya kuyapima maoni hayo. Wakili anayepokea ripoti isiyotaja mambo hayo mawili ayaulize kabla tarakimu yoyote haijasomwa mahakamani.