Mentholi si ya ubaridi tu
Kuna aliyeandika humu kwamba mentholi (ile kemikali ya mnanaa inayoleta ubaridi) kwenye dawa ya kuchua imewekwa kwa ajili ya harufu na ubaridi tu. Hapo kateleza. Nilipokuwa maabara tulikuwa tunachukua masikio ya nguruwe machinjioni (ngozi yake inakaribia sana ya binadamu), tunanyoa vinyweleo, tunabana kipande katikati ya vikombe viwili vya kioo, ibuprofeni (dawa ya maumivu) juu, maji ya chumvi chini, joto nyuzi 32, halafu kila saa unavuta maji kidogo ya chini ukapime dawa iliyopenya. Ukitia mentholi, dawa inawahi kushuka na inashuka nyingi. Tabaka la juu la ngozi ni kama ukuta: seli zilizokufa ndiyo matofali, mafuta ndiyo udongo unaoyashika. Mentholi inavuruga mpangilio wa hayo mafuta, njia inapatikana. Ila majibu ya vipimo vya ngozi ya panya msiyabebe kichwakichwa, ile inapitisha kuliko yetu. Na anayemeza warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) asijipake ovyo dawa za kuchua zenye methili salisileti (kemikali ya kutuliza maumivu), inapenya na inaweza kumletea kutokwa damu. Wauza dawa mliomo humu, huwa mnamuuliza mteja hilo kabla ya kumpa kopo?