Utando unaoua vijidudu ujaribiwe kwa maji yetu ya chumvi

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, Marekani, walionyesha utando wa polima (aina ya plastiki) unaoua bakteria sugu kwa dawa ndani ya dakika 5. Haujapakwa dawa yoyote. Polima yenyewe ina vikundi vya salfoniki, yaani vikundi vya atomi vya asidi, vyenye chaji hasi. Ikipata unyevu, ioni za haidrojeni zinaachiwa na uso wa utando unakuwa na asidi kali. Bakteria akitua hapo haponi, na kwa kuwa asidi haimshambulii sehemu moja tu kama antibayotiki nyingi, si rahisi azoee.

Naitaka teknolojia hii huku Bagamoyo, ifunike magodoro ya hospitali, tena naitaka sana. Shirika la Afya Duniani linasema katika kila wagonjwa 100 wanaolazwa, 15 hupata maambukizi wakiwa hospitalini katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Nchi tajiri ni 7. Nilipokuwa namuuguza shangazi, plastiki ya godoro lake ilikuwa imechanika kwenye mkunjo, sponji imetokeza na kubadilika rangi. Nesi alilifuta kwa maji ya jiki kabla ya kumlaza, akalifuta vizuri kabisa. Lakini jiki ikishakauka kazi yake imekwisha. Ndugu wa mgonjwa akija kukaa ukingoni, vijidudu vimerudi, na nesi mmoja wa wodi nzima hawezi kushinda anafuta vitanda.

Wasiwasi wangu ni chumvi. Sodiamu na kalsiamu zikiingia kwenye utando huo hushika nafasi ya haidrojeni, na nguvu yake inapungua mpaka usuuzwe kwa asidi. Sasa godoro la pwani linapata jasho la Februari, mkojo, damu, halafu linaoshwa kwa maji ya kisima ambayo huku kwetu mara nyingi yana chumvi. Utando ukichoka, kwa macho huoni tofauti yoyote. Hapo ndipo penye hatari, maana watu wataacha kufuta wakiamini godoro linajisafisha lenyewe.

Kwa hiyo kabla serikali haijanunua hata mita moja, ujaribiwe hapahapa. Taasisi ya Afya Ifakara ina kituo chake Bagamoyo, wataalamu tunao. Wapime kwa maji ya visima vyetu, kwenye wodi isiyo na kiyoyozi, na wawaulize manesi na wahudumu mapema: nani atausuuza kwa asidi, lini, na glovu zitatoka wapi? Waanzie kwenye magodoro, vitasa vya milango baadaye. Na jiki isiondolewe wodini.